Nani Alisema Mgunga Unaringa?

Wachuka ana miaka hamsini na minane, ana kitalu cha miche kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, na ana tatizo moja ambalo watu wa soko la Kiamuthanga wamelizoea: hawezi kumwagilia maji bila kutunga shairi. Akishika mkebe wa kumwagilia, midomo inaanza kucheza. Mteja anaweza kusimama pale akiulizia miche ya makadamia, na Wachuka akamwinulia kidole asubiri, kwa sababu kina cha kati bado hakijapatikana.

Akizungumza, Kiswahili chake ni kile chetu cha huku mlimani, cha "kitabu yangu" na "maji imeisha." Lakini akiandika, ngeli zote zinarudi na kupiga foleni kama wanafunzi waliomwona mwalimu mkuu. Hakuna anayejua zinatoka wapi. Yeye husema ni mwalimu wake wa darasa la saba aliyempiga kalamu kichwani mpaka mizani ikaingia, na haijawahi kutoka.

Mume wake, Gatimu, fundi wa pampu za maji, ndiye mkaguzi wa mizani. Wachuka anasoma mshororo, Gatimu anagonga sufuria kwa kijiko, mara nane upande huu, mara nane upande ule. Kijiko kikigonga mara ya tisa, mshororo unarudi jikoni. Kwa njia hiyo wamewatungia maharusi, maaskofu, na hata daktari wa mifugo aliyekuwa akistaafu. Shairi la daktari ndilo lililoleta maneno. Mshororo wa kwanza uliishia na ng'ombe, na katika kutafuta vina Wachuka akajikuta amemtia daktari katika pombe. Mke wa daktari hamsalimii hadi leo.

Sasa, mwaka jana soko la Kiamuthanga lilipata paa jipya na vibanda vya mawe. Wenyeji waliwahi vibanda vya mbele, vinavyotazama barabara, asubuhi ya kwanza kabla rangi haijakauka. Wachuka mwenyewe alionekana siku hiyo na doa la kijani begani, maana naye alikuwa amejipatia kona ya mbele ya kuweka miche yake. Waliotoka mbali wakabaki na vya nyuma. Ntinyari, anayeleta ndizi kutoka Meru, alipewa kibanda kilichopakana na choo. Muchiri, muuza mchele wa Mwea, aliwekwa mahali ambapo paa linaishia na mvua inaanzia. Na Parsaloi, anayeleta mbuzi kutoka Doldol kila Jumanne na Jumamosi, hakupewa kitu, kwa sababu kamati ilisema mbuzi hawahitaji kibanda.

Mbuzi hawakukubaliana na kamati. Jumanne moja waliingia wenyewe, wakala mkungu mzima wa Ntinyari, wakatoboa gunia la Muchiri, na mmoja akapanda juu ya meza ya nyama ya mwenyekiti wa soko, Ndungu, akasimama pale kama anayetaka kuhutubia. Maneno yaliyotupwa siku hiyo hayafai kuandikwa. Ilifika mahali watu wanaambiana "nyinyi watu wa huko" na "nyinyi watu wa hapa," na kila mtu alijua "huko" ni wapi.

Ndungu akaingiwa na hofu, kwa sababu diwani alikuwa anakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kufungua soko rasmi. Ilipofika Jumatatu akaenda mbio mpaka kitaluni.

"Mama Miche," akasema, "naomba shairi. Ya umoja. Weka maua, weka ndege, weka ile vitu ya porini. Watu wakisikia maua hutulia."

"Ya umoja tu?" Wachuka akauliza.

"Umoja, na kila mtu na kabila yake, lakini pamoja. Kama kachumbari."

"Kachumbari si maua."

"Si wewe ndiye unajua? Tunga."

Wachuka alifurahi mno. Alikuwa amesubiri kazi kama hii maisha yake yote. Mtu anayeshinda na miche elfu tatu anajua mmea mmoja mmoja tabia yake, na hapa aliombwa awageuze watu kuwa mimea, jambo ambalo kimoyomoyo alikuwa akilifanya kila siku. Jioni hiyo alitunga beti kumi, sufuria ikagongwa mpaka ikapata kibonyeo, na ubeti wa kwanza ukawa huu:

Soko letu ni bustani, mimea ya kila rangi,
Mugumo uko langoni, kivuli chake ni kingi,
Mgomba uko pembeni, matunda yake ni mengi,
Mpunga u matopeni, na mgunga hauringi.

Gatimu aliweka kijiko chini. "Nane nane kote," akasema. "Hii hata gavana angelia."

Kosa lilikuwa kumpelekea Ndungu kwa simu. Ndungu, kwa furaha, aliurusha ubeti huo katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa soko. Kufikia saa mbili asubuhi Wachuka alikuwa na wageni watatu kitaluni, na hakuna aliyekuja kununua mche.

Ntinyari alifika wa kwanza, mikono kiunoni. "Mimi ni mgomba, sawa. Lakini pembeni? Pembeni, Mama Miche? Umeona choo haitoshi, ukaniweka pembeni hata kwa shairi?"

"Ilikuwa ni kina tu, Ntinyari. Langoni, pembeni..."

"Na mgomba ukishazaa unafanyiwa nini?"

Wachuka akachukua mkebe wa kumwagilia.

"Unakatwa!" Ntinyari akasema. "Nimezaa watoto watano. Unataka nikatwe?"

Muchiri hakupaza sauti, ila alikuwa ameumia. Alivua kofia kwanza. "Mama, si kwa ubaya. Lakini wengine wote wamesimama pahali pakavu. Ni mimi tu niko kwa matope. Mke wangu amesoma hiyo kitu. Watoto wamesoma. Tangu jana nikiingia nyumbani wananiambia nipanguse miguu."

Parsaloi, ambaye kwao Doldol ni migunga ya miiba tu, alikuwa amesimama nyuma yao, mrefu, ametulia, fimbo mabegani. Alisubiri wengine wamalize. Kisha akauliza polepole, "Nani alisema mgunga unaringa?"

"Hakuna. Nimesema hauringi."

"Ukisema mtu hajaiba kuku, watu watauliza kuku gani."

Katika miaka yake yote ya kutunga Wachuka hakuwahi kupewa somo la ushairi lililonyooka kama hilo.

Walipokuwa wakiondoka, Ntinyari aligeuka langoni. "Na nyinyi watu wa hapa mkajipa mugumo. Mti mkubwa, mti wa heshima. Haya. Lakini mimi pia nimekulia shamba. Mugumo huanza vipi? Ndege anaangusha mbegu juu ya mti wa wenyewe. Inaomba nafasi kidogo tu pale kwa tawi. Halafu inateremsha mizizi, inaukumbatia huo mti, inaukumbatia, inaukumbatia, mpaka mti wa wenyewe unakufa na mugumo unabaki na kiwanja." Akatazama rangi ya kijani iliyokuwa bado kwenye sweta ya Wachuka. "Hiyo haukuandika."

Wachuka aliamua shida ni mimea. Ndege wangekuwa salama zaidi, maana ndege hawana mizizi. Akatunga beti za ndege. Ndungu aliziweka tena kundini, kwani alikuwa mtu asiyejifunza, na ugomvi ulikuwa mmoja tu: kunguru ni nani? Hakukuwa na kunguru katika shairi. Lakini watu walisema kunguru lazima yupo, wakamtafuta, na kila mmoja alimwona kwa jirani yake.

Akahamia mito. Hapo aliona amefika, kwa sababu mito yote ya huku inatoka kwenye mlima mmoja, na hilo si jambo la kubishaniwa. "Mito yetu yote ndugu, mama yao ni mlima," aliandika, na Gatimu akagonga sufuria kwa heshima.

Parsaloi alimpigia simu mwenyewe. "Mama, hii ya mito ni nzuri," akasema. "Lakini huo mto ukifika kwetu ni mchanga. Ndugu zake wameumaliza njiani."

Na watu wote kundini wakageuka, kama waliovutwa na kamba moja, wakamtazama Muchiri wa mpunga. Muchiri akajitoa kundini. Akarudishwa. Akajitoa tena.

Ilikuwa Alhamisi. Wachuka hakuwa na shairi, na mikono yake ilikuwa imeanza kumwagilia miche ambayo tayari ilikuwa imemwagiliwa. Alimwaga maji katika kiatu cha mteja. Gatimu akamshauri kwa upole aandike tu kwamba sisi sote ni watu.

"Watu ni mizani mbili," Wachuka akasema kwa hasira. "Nitajaza nane na nini?"

Ndipo akapata wazo la mwisho, ambalo aliliona la kidemokrasia. Alimpigia kila mlalamishi na kumwambia achague mwenyewe anataka kuwa nini, mmea, mnyama au jiwe, na amtumie jibu kwa siri. Majibu yalifika kabla ya chakula cha mchana. Ntinyari: mlima. Muchiri: mlima, kama haina shida. Parsaloi: mlima, ule wenye barafu. Ndungu, ambaye hakuwa ameulizwa: mlima, lakini upande wa Nyeri.

Wachuka alikaa juu ya mfuko wa mboji akacheka peke yake mpaka mbwa akaja kumtazama. Milima minne katika soko lenye choo kimoja. Alicheka, kisha kicheko kikamwishia taratibu, kwa sababu aligundua kwamba angeulizwa yeye angesema vilevile. Na alikuwa ameshasema. Mugumo langoni, kivuli kingi, ulikuwa ni mlima tu uliovaa majani. Wengine wote alikuwa amewapa mahali pa kukaa. Yeye na watu wake walikuwa wamejipa lango.

Tangu Jumanne maneno ya Ntinyari yalikuwa yakimchoma kama upupu, na kilichomchoma zaidi ni kwamba yalikuwa kweli, tena kitaalamu. Katika miaka ishirini na mitano ya kuuza miche hakuwahi kuuza mche wa mugumo hata mmoja, na sababu aliijua: ungeunyonga mche wa jirani kitaluni.

Aliingia jikoni, akamwambia Gatimu achukue kijiko.

Jumamosi soko lilijaa. Diwani alikaa mbele chini ya mwavuli, mchungaji pembeni yake, na Ndungu alikuwa amevaa koti la harusi yake mwenyewe, likimbana mpaka akawa anazungumza kwa pumzi fupi fupi. Wenye vibanda vya mbele walikaa mbele, wa nyuma wakasimama nyuma, na Parsaloi alisimama nje kabisa na mbuzi wake kumi na saba. Mchungaji aliomba. Diwani alihutubia kwa dakika arobaini akitaja umoja mara nyingi bila kumtazama mtu. Kisha Ndungu akasema, "Sasa tutasikia maua kutoka kwa Mama Miche."

Wachuka alipanda jukwaani na karatasi moja. Akasema, "Hii si ya maua. Na haisemi juu ya mtu mwingine. Inasema juu ya mimi." Akasoma:

Mimi mugumo jirani, nilianza kwa kuomba,
Ndege kaninya tawini, mti wako ukayumba,
Nikakubana shingoni, nikajiita mjomba,
Leo mwaja kivulini, nasema ni yangu nyumba.

Kuhusu neno lile la mshororo wa pili, Gatimu alikuwa amelipinga nyumbani kwa nguvu zote, maana mchungaji angekuwepo. Walijaribu maneno mengine ya adabu kwa zaidi ya saa moja. Kila neno la adabu lilizidisha mizani.

Mchungaji alikohoa. Ndungu akafungua kifungo kimoja cha koti. Wenyeji wa mbele walitazamana, na mmoja akaanza kunung'unika kwamba huyu mama ametutoa nguo mbele ya wageni. Wachuka akawaza kwamba sasa hatasalimiwa na soko zima, si mke wa daktari peke yake.

Halafu kutoka kule nyuma, kando ya choo, kikaja kicheko. Kilikuwa cha Ntinyari, na Ntinyari akicheka hucheka kwa mwili wote. "Nikajiita mjomba!" akapiga kelele. "Haki ya Mungu! Mjomba!" Muchiri akashika kicheko, kikaenda safu kwa safu mpaka mbele, mpaka hata yule aliyenung'unika akawa anafuta macho.

"Na mimi!" Ntinyari akaanza kusukuma watu akienda mbele. "Niandike na mimi, lakini niandike vizuri! Sisi migomba, ni kweli tunakatwa. Lakini ukikata mmoja wanatoka watano, na wote watano wanaongea wakati mmoja! Weka hiyo!"

"Wanaongea hata usiku," akasema mtu aliyeishi karibu naye.

Wachuka hakuwa na kalamu. Diwani, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuwa macho, akampa yake. Muchiri alikuja akiwa ameshika kofia, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ana jambo la kukiri kwa niaba ya mpunga, kwamba unakunywa maji asubuhi mpaka jioni halafu unalalamika kiangazi. Wachuka alitikisa kichwa mara mbili tatu, midomo ikacheza, akatoa papo hapo:

Nakunywa mto mzima, kisha nalia na kiu.

Watu wakapiga mayowe. Gatimu, aliyekosa sufuria, alikuwa akigonga kiti cha mchungaji, na mchungaji hakujali.

"Parsaloi!" watu wakaita. "Parsaloi aje!"

Parsaloi alipita katikati ya watu bila haraka, akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho. "Mgunga hauringi," akasema. Akawatazama watu mmoja mmoja mpaka wakaanza kuogopa. "Unadunga tu." Akasubiri kicheko kipite. "Tena nitawaambia siri. Na miiba yetu yote hiyo, mbuzi bado wanatula."

Hapo ndipo mtu alipogeuka na kuona kwamba mbuzi kumi na saba, walioachwa peke yao, walikuwa wameingia kwa Ntinyari na walikuwa wanamalizia mkungu wa pili. Siku nyingine yoyote soko lingewaka moto. Ntinyari alitazama, akashika kichwa, akasema, "Si nilisema mimi ni mgomba? Kila mtu ananila!" na akaketi chini kwa kucheka. Parsaloi alimpa mbuzi mmoja pale pale, beberu mchanga mwenye doa jeusi, aliyekuwa amekula zaidi ya wenzake. Ntinyari alimkubali kwa sharti kwamba asimlete karibu na ndizi.

Kilichomtaabisha Wachuka baada ya hapo ni wale ambao hawakutajwa. Waweru, anayeleta majani ya chai kutoka Kangari, alilalamika kwa uchungu kwamba soko zima limetukanwa isipokuwa yeye. "Na chai? Sisi tunakatwa kichwa kila wiki mbili na hatulalamiki!"

"Mnalalamika!" watu wote wakajibu kwa sauti moja, na hilo likahesabiwa kuwa ubeti wake.

Diwani alipoondoka bila kalamu yake, watu walibaki pale, wengine wamekaa juu ya magunia, na ni Muchiri, mtu mpole kuliko wote, aliyeuliza kama vibanda haviwezi kuzungushwa. Wiki hii fulani mbele, wiki ijayo fulani. Wa kwanza kusimama na kusema atahama alikuwa Wachuka. Alibeba miche yake mwenyewe kwa toroli mpaka kule kando ya choo, safari kumi na moja, na Ntinyari akamsaidia kuipanga huku akimweleza ni saa ngapi upepo hugeuka na inabidi mtu apumue kwa mdomo.

Zamu zilikwenda vizuri kwa wiki tatu. Wiki ya nne mwenyeji mmoja aligoma kuhama, na ugomvi ukazuka kama kawaida, ila sasa watu walikuwa wakigombana kwa vina. Waliambiana mambo mabaya sana, lakini ilibidi kila mtu atulie kwanza ahesabu vidoleni, na hasira nyingi ziliishia kwenye mizani ya sita au ya saba. Yule mwenyeji alihama Alhamisi, kwa sababu hakuweza kupata kina cha "kibanda."

Wachuka sasa amekuwa mtu wa kuitwa. Amekwenda Doldol kwa mwaliko wa Parsaloi, akasomea watu waliosimama na ng'ombe wao, na akarudi na kesi nyingine, kwa kuwa watu wa ngamia waliona wamesahauliwa. Anaandika beti zao.

Aliyebaki na kinyongo alikuwa Ndungu. Mwezi mzima alipita kitaluni akisema ni ajabu kwamba mwenyekiti wa soko hana mti wake. Alitaka mti mrefu. Mti unaoonekana kutoka mbali, alisema, unaokua haraka, usiotikiswa na mtu. Wachuka alimwangalia, akafikiri kidogo, akamwandikia kwa mwandiko wake mzuri zaidi:

Ndungu ni mkaratusi, mrefu kupita wote,
Anakua kwa upesi, mizizi yafika kote.

Ndungu aliutia ubeti huo katika fremu ya kioo na kuutundika buchani, juu ya mizani ya nyama, mahali ambapo kila mteja anauona. Watu wa milimani, ambao wamewahi kupanda mkaratusi karibu na kisima na kukiona kisima kikikauka mpaka tone la mwisho, wanausoma, wanamtazama Ndungu, wanaomba nusu kilo bila mfupa, na wanatoka nje haraka wakiwa wameziba midomo.